Rangi ya Kiwanda

Kwenye karatasi nilikuwa karani wa ghala. Ghala lenyewe niliingia mara chache, tena nikitafuta kivuli. Kazi yangu halisi ilikuwa kutia mpira kwenye pete. Kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya karanga na alizeti, pale Dodoma, kilikuwa mali ya umma, na mashirika ya umma ya siku zile hayakukosa timu. Sisi tulikuwa na timu ya mpira wa miguu, timu ya wanawake ya mpira wa pete, na kikundi cha ngoma. Meneja ambaye timu zake zilifungwa alikaa mikutanoni ameinamisha kichwa. Kwa hiyo wachezaji walitafutwa mitaani na vijijini, wakapewa vyeo vya uongo na mishahara ya kweli. Mimi walinikuta kwenye uwanja wa shule, Chang'ombe yetu ya hapo Dodoma, nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma.

Nyumbani ajira hiyo ilipokewa kama msiba. Nililelewa na bibi yangu, na bibi yangu hakusahau hata siku moja kwamba sisi ni watu wa mjini, Waislamu, wajukuu wa Wanyamwezi waliokuja na misafara ya pembe wakabaki kufanya biashara. "Mjukuu wangu anarukaruka mapaja nje mbele ya wanaume," aliwaambia wageni, "na serikali inamlipa!" Lakini mafuta ya mgawo niliyorudi nayo kila mwezi aliyapokea kwa mikono miwili, na sikuwahi kumsikia akiuliza yamepatikana kwa mapaja ya nani.

Kiwandani ndiko nilikompata mtani wangu. Alikuwa mwanamke wa Kigogo, mkubwa kwangu kwa umri, mjane asiye na mtoto, kutoka kijiji kimoja upande wa Mtera. Kwenye karatasi alikuwa mfagizi wa mashudu, yale makapi yanayobaki karanga zikishakamuliwa. Kazi yake halisi ilikuwa kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Alikuwa mpigaji mkuu, na mpaka leo sijasikia mwingine wa kumfikia. Tulipewa chumba kimoja kwenye kota za kiwanda, naye alipojua asili yangu alicheka akaweka mzigo wake kitandani kwangu bila kuuliza.

"Mnyamwezi!" alisema. "Babu zako walipita kwetu wamebeba meno ya tembo ya watu mpaka migongo ikapinda. Tukawauzia maji. Sasa na wewe utaninunulia maji ya kuoga."

"Na nyie mliyamaliza maji mkabaki kuomba," nikamjibu. "Toa mkono wako wa kuombea kitandani kwangu."

Utani wa makabila yetu ni wa tangu hiyo misafara. Mtani unamtukania ukoo wake asubuhi, mchana mnakula sahani moja. Na akifa, wewe ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka msibani. Wengine wakilia, mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anasema aibu zake, ili wafiwa wacheke kidogo wasizame na mfu wao. Tuliahidiana mapema. Alisema nikitangulia mimi, atavaa sketi yangu fupi mbele ya bibi na masheikh. Nikamwambia akitangulia yeye, nitapiga ngoma yake vibaya mpaka afufuke kuja kunisahihisha.

Wapigaji wengine walipewa ngoma na kiwanda. Yeye alikuja na yake. Ilikuwa ya mti mmoja, imechongwa ikawa na kiuno chembamba, na mpigaji aliibana katikati ya mapaja. Pale mapaja yalipogusa, mti ulikuwa umelainika na kung'aa, kwa sababu mama yake aliibana hapo, na mama wa mama yake kabla yake. Wanawake wa ukoo wao waliitumia kuwatoa wasichana ndani baada ya kuchezwa unyago. Mambo mengine yaliyofanywa humo ndani mtani hakuyapenda, na alisema wazi kwamba hatayafanya kwa mtoto wa mtu. Lakini ngoma, alisema, haina kosa.

Mama yake alimpa kwa sharti moja. Nililisikia kwa masikio yangu mwaka tuliokwenda kucheza mechi ya kirafiki na wafanyakazi wa bwawa la Mtera, tukapita kijijini kwao kusalimia. Mama alikuwa kizee mrefu, mkavu, hajui Kiswahili ila salamu. Tulimwamkia, akatujibu kwa Kigogo, kisha jambo la kwanza alipapasa ngoma juu na chini kama mtu anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka bweni. Mtani alinifasiria maneno yake tukiwa tunaondoka: mmetoka pamoja, mtarudi pamoja, usinijie hapa bila hiyo.

"Na ukienda bila hiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo nimeshakuambia. Siendi."

Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, na Kigogo changu kilikuwa cha kuokoteza sokoni, cha kununulia ubuyu na kugombania bei. Tulikutana katikati, na pale katikati palikuwa na ile ngoma. Sijui nani alianza. Nakumbuka tu kwamba mazoezi ya pete na ya ngoma yalifanyika uwanja mmoja, jioni, vumbi jekundu likitufikia magotini, na siku moja niligundua kwamba miguu yangu inasubiri mkono wake. Tukaanza kulifanya jambo hilo kwa makusudi. Ngoma ndogo zikichangamka, pasi fupi. Mkono wa mtani ukisita, ule mpigo mmoja ambao sikio linautarajia usije, basi mwenye mpira aurushe mrefu na wa juu, nami nitakuwa nimeshafika chini ya pete. Wachezaji wenzangu walitoka makabila mbalimbali, wa Singida, wa Moshi, hata mmoja wa Mafia, na wote waliijua lugha ile kuliko walivyojuana kwa Kiswahili.

Timu za pwani zilikuja na matarumbeta yao. Zilituona na ngoma pembeni ya uwanja, zikacheka: Wagogo wamekuja kutambika. Tuliwafunga. Mwalimu wao akaenda kulalamika kwamba tuna dawa. Mtani alifurahi kwa wiki nzima, akawa kila akipika ugali ananiambia nisogee nisije nikaunguzwa na dawa.

Bwana utumishi wetu, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa michezo, alitaka nyimbo zote ziwe za Kiswahili, za kusifu uzalishaji. Mtani alimtii. Aliimba Kiswahili juu, kiwanda chetu kidumu, na chini yake sauti za wanawake wengine ziliingia moja moja kwa Kigogo, tamu ajabu, zikisema kunde za kantini zina wadudu na bwana utumishi anakula nyumbani. Wageni walipiga makofi. Bwana utumishi, mtu wa kwingine asiyejua neno la Kigogo, alipiga kuliko wote.

Kisha ikaja rangi. Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya mashirika, na ikaamriwa ngoma zote za kiwanda zipakwe kijani na nyeupe, na kila moja iandikwe namba kama zilivyoandikwa meza, viti na mapipa. Ngoma ya mtani haikuhusika. Ilikuwa yake, na fundi wa rangi alimwambia hivyo. Ni mtani mwenyewe aliyeomba ipakwe. Safari iliyotangulia, ngoma ya mwenzake isiyo na alama ilipotea stesheni ya reli, lakini mizigo yenye alama za kiwanda haikuguswa hata na upepo. Ndivyo tulivyokuwa. Kitu cha mtu kiliweza kuibwa, lakini kitu cha umma kilikuwa na polisi, na chama, na mkutano wa hadhara nyuma yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona anakosea. Mimi mwenyewe niliishika ngoma isiyumbe wakati inapakwa.

Alisimama akaitazama ikikauka juani, mikono kiunoni.

"Leo bibi yangu kaajiriwa," alisema. "Na namba anayo. Mimi mwenyewe bado niko kwenye majaribio."

Tulicheka sana siku ile.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilitukuta hivyo. Mwanzoni tuliifurahia, nani asifurahi? Sabuni ilirudi madukani, na vitenge, na dawa ya meno. Halafu yakaja mafuta. Yalikuja kutoka ng'ambo kwenye madumu ya njano, mafuta ya mawese yasiyo na harufu, bei chini ya yetu, yakajaa Chang'ombe dukani kwa kila mtu. Hata bibi aliyanunua. Nilikuta dumu jikoni nikamkasirikia kama mtu niliyemfumania. "Mafuta ni mafuta," alisema. "Kwani haya yamekataa kukaanga?" Kiwandani mashine mbili zilisimama, kisha ya tatu. Mashudu ya kufagia yakapungua mpaka mfagizi wa kweli naye akakosa kazi, sembuse wa karatasi.

Neno ubinafsishaji tulilijifunza kwenye mkutano uwanjani, kutoka kwa bwana utumishi. Alilitamka polepole, akalirudia. Alisema kiwanda kimepata mwekezaji, anakuja kukiona, na kila mmoja ajiandae kumpokea. Na sisi tulijiandaa kwa namna tuliyoijua. Mgeni hupokewa kwa ngoma na mechi. Mameneja wote waliotangulia walipokewa hivyo, na kila mmoja alipoona ngoma alisema kikundi hiki kisiguswe. Kwa hiyo tulifanya mazoezi kuliko tulivyofanya kwa kombe lolote. Mtani alifunga ngozi mpya. Wenzetu wa mashine walipita wakitutazama kwa wivu, wakisema nyie mmeshapona.

Mwekezaji alikuwa mzee mpole, mgeni wa nchi, anatabasamu, kofia mkononi. Nataka kusema alikuwa mbaya, ingenisaidia, lakini siwezi. Aliketi kwenye kiti chenye kitambaa, bwana utumishi pembeni yake akimfasiria. Tulicheza. Nilitia mpira kwenye pete kana kwamba nimelogwa. Baada ya mechi wanawake waliingia na muheme, na mtani siku ile alipiga kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Aliipandisha ngoma hewani akaidaka kwa mapaja, akarudi chini bila kupoteza mpigo, na jasho liliufanya uso wake ung'ae. Yule mzee alisimama. Alipiga makofi kwa moyo wote. Alimsogelea mtani, akaishika ngoma, akapitisha kidole kwenye kile kiuno kilichong'aa, akasema maneno kwa Kiingereza.

"Anasema ni nzuri sana," bwana utumishi alifasiri. "Anasema zitunzwe."

Kisha aliuliza jambo lingine, kwa upole uleule, akituonyesha sisi wote, wenye sketi na wenye ngoma. Bwana utumishi alisita. Mimi Kiingereza cha kidato cha nne kilinitosha kuelewa. Aliuliza hawa wote, leo ni siku ya kazi, kazi zao anazifanya nani?

Hatukumaliza msimu. Tulipunguzwa, ndilo neno walilotumia, kana kwamba tulikuwa nywele. Timu zote mbili zilikwenda, na kikundi chote, na wengi wa mashine. Tulipewa kiinua mgongo ambacho hakikuinua mgongo wa mtu, tukaambiwa tuhame kota. Mtani alifunga godoro, sufuria, na kanga zake, akaenda chumba cha ngoma kuchukua ngoma yake. Chumba kilikuwa na kufuli jipya.

Tulikwenda pamoja kwa bwana utumishi. Yeye alibakizwa. Alitusikiliza, na nadhani aliona aibu, kwa sababu alipanga na kupangua kalamu mezani. Alisema mwekezaji amenunua kila kilichomo ndani ya uzio. Kila chenye rangi ya kiwanda na namba ni cha kiwanda.

"Lakini wewe unajua ni yangu," mtani alisema. "Ulikuwepo nilipokuja nayo, mkubwa."

"Mimi najua. Rangi haijui."

"Basi nitaikwangua."

"Ukwangue mali ya watu? Utafungwa, mama."

Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza. Nilimwambia bwana utumishi maneno ambayo hayafai kuandikwa, na kuhusu zile kunde nikamwambia vilevile. Mtani ndiye aliyenishika mkono akanitoa. Nje alisimama mbele ya jengo la utawala, na kupitia kioo tukaiona. Walikuwa wameshaipeleka mapokezi. Imewekwa kwenye kona, na juu ya ngozi ile mpya wameweka chungu cha maua ya plastiki.

Angerudi kwao siku ileile kama angekuwa nayo. Shamba lilikuwepo, na samaki wa Mtera, na mama mzee anayehitaji mtu. Hakurudi. Alipanga chumba cha udongo Miyuji, pembeni ya mji, akaanza kuponda kokoto pamoja na wanawake wengine, nyundo mkononi, amejifunga kanga puani kuzuia vumbi. Mimi nilirudi kwa bibi, nikauza maandazi. Nilimtembelea mara kwa mara, na kila nilipomwamkia aliificha mikono yake. Ilikuwa imepasuka yote, kucha mbili zimeondoka. Mikono ile!

"Nenda nyumbani," nilimwambia. "Mama ataelewa."

"Mama yangu haelewi. Wewe hujamsikia?" Akacheka, akakohoa. "Ataniuliza mbele ya watu, ngoma iko wapi. Nimwambie nini? Nimwambie nimeiacha kwa mzungu anaotesha maua?"

Alikwenda pale getini kila alipopata nafasi. Mlinzi alikuwa mwenzetu wa zamani, golikipa wa timu ya mpira wa miguu, Mgogo mwenzake, mmoja wa wachache waliobakizwa. Alimsalimia vizuri, mbukwenyi, akampa na kigoda cha kukalia. Lakini geti hakufungua. "Dada, nina watoto," alimwambia, na mtani hakumlaumu.

Halafu siku moja bwana utumishi alimtuma mtu Miyuji. Wageni wa mwekezaji walikuwa wanakuja kukagua mashine mpya, na mzee alikuwa amekumbuka ile ngoma. Wanawake waje wapige kidogo kwenye ua wa mapokezi, watapewa soda na nauli. Nilidhani mtani atamtukana yule mjumbe. Akauliza saa ngapi.

Tulikwenda wachache, waliopatikana. Mimi si mpigaji, lakini alinipa ngoma ndogo nishike mpigo mwepesi, akaniambia nisimwangushe. Bwana utumishi mwenyewe aliondoa kile chungu cha maua akamkabidhi ngoma. Ngozi ilikuwa imebonyea pale chungu kilipokaa. Mtani alisugua mahali pale kwa kiganja kama unavyomsugua mtoto mgongo, akaomba moto, akaipasha. Wageni walikuwa wameketi kivulini na soda zao.

Tulianza taratibu. Mikono yake ilitoka damu mapema, niliiona kwenye ngozi, lakini sauti ilikuwa ileile. Muheme haupigwi mtu akiwa amesimama kama mlingoti. Wanawake husogea, hurudi, husogea tena. Tulisogea. Kisha nikaona hatukurudi. Mtani alikuwa anasogea tu, hatua ndogo ndogo, ngoma kati ya mapaja, akitoka kivulini, akivuka ua, na sisi nyuma yake kwa sababu yeye ndiye mkuu. Tulipita mizani ya kupimia karanga. Tulipita uwanja wetu, ambao sasa ulikuwa umepangwa mapipa, pete moja bado imening'inia. Wageni walisimama kutufuata kwa macho, wakaanza kupiga makofi kwa mpigo wetu. Walifikiri ndivyo inavyochezwa. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na moyo wangu ulipiga kuliko ngoma niliyoshika. Nilisema kimoyomoyo, twende, twende, twende.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake. Geti dogo lilikuwa wazi nusu. Mtu mwembamba mwenye ngoma angepita. Alimtazama mtani, akatazama kule kivulini, ambako bwana utumishi alikuwa ameanza kutembea upesi bila kutaka kuonekana anakimbia. Mtani alipiga mbele yake, uso kwa uso, na pale ndipo mkono wake uliposita, ule mpigo mmoja usiokuja. Nilijua maana yake. Kila mtu aliyewahi kucheza nasi alijua maana yake: rusha mrefu, mimi nimefika. Golikipa yule alikuwa ameusikia uwanjani jioni zote za miaka ile.

Alifunga geti. Akalifunga taratibu, akaweka komeo, akageukia ukutani.

Makofi kule nyuma yaliongezeka. Bwana utumishi alifika, akaishika ngoma kwa chini huku akitabasamu kwa ajili ya wageni, akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mama. Imetosha. Umepiga vizuri." Mtani aliachia mapaja. Soda yake aliiacha bila kunywa. Hatukuitwa tena.

Kikohozi kilimaliza kazi ambayo kokoto zilianza. Hospitali walisema kifua kikuu, wakampa dawa, na dawa zingemponya kama angekula na kupumzika, lakini aliponda mawe mpaka siku aliyoshindwa kuinua nyundo. Nilimchukua nikampeleka kwetu Chang'ombe. Bibi yangu, yule wa mapaja nje, alimpa kitanda chake mwenyewe akalala chini kwenye mkeka, akamlisha uji kwa kijiko akimwita mwanangu. Mtani aliendelea kunitania mpaka pumzi ilipokosekana. Siku za mwisho hakutania. Aliniuliza tu kama kuna mtu amepita kule getini.

Tulimrudisha kwao nyuma ya lori la samaki lililokuwa linakwenda tupu Mtera. Jeneza, mimi, bibi aliyekataa kubaki, na wanawake wawili wa kikundi. Nilikaa nimeegemea jeneza njia nzima, vumbi likitujaa machoni, na nilichokiogopa hakikuwa kaburi. Nilimwogopa yule kizee.

Alikuwa amekaa chini mlangoni. Aliangalia jeneza likishushwa. Kisha aliangalia nyuma ya jeneza, ndani ya lori, kwa muda mrefu, mpaka dereva akafunga. Hakuuliza kitu. Mwalimu wa kanisa alisali, watu waliimba, wanawake walilia kwa sauti zile za Kigogo zinazogawanyika na kukutana tena, na yeye macho yake yalikuwa makavu kabisa. Shangazi mmoja wa marehemu aliniegemea akaninong'oneza. Alisema mzee hajalia wala hajala tangu habari zifike, na wewe si ndiye mtani? Mbona umekaa?

Sikutaka. Nilimchukia kila mtu pale aliyeujua utani. Lakini nilikuwa nimeahidi.

Nilitazama huku na huku nikitafuta cha kushika, na kando ya mtungi wa maji niliona dumu la njano, la yale mafuta, wanalochotea bwawani. Nililichukua. Nikapandisha kanga, nikalibana katikati ya mapaja, mbele ya mwalimu wa kanisa na bibi yangu na kijiji kizima, nikatoa ulimi pembeni kama mtani alivyoutoa akikolea, nikaanza kupiga. Nilipiga vibaya. Nilipiga vibaya kwa makusudi na kwa kutojua. Nikawaambia kwa Kigogo changu cha sokoni: amkeni muone, huyu Mgogo amechoka kuomba, sasa anaomba udongo! Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, wakishika midomo. Niliendelea, machozi na makamasi yakinitiririka, nikimngoja afufuke kuja kunisahihisha.

Aliyekuja ni mama yake. Alinyanyuka pale mlangoni, akanijia kwa fimbo yake, akaninyang'anya dumu. "Siyo hivyo," alisema, na hilo hata mimi nililielewa. Akaketi, akalibana, akapiga ule mpigo wenyewe, wa mtani, na ule wa kusita ndani yake. Dumu halina kina. Lilitoa sauti ya dumu. Aliacha, mikono juu ya plastiki, akaniangalia, na mbele ya watu wote akauliza lile swali.

Ngoma iko wapi?

Mtani haruhusiwi kunyamaza msibani, wala haruhusiwi kumjibu mfiwa kwa kulia. Nikafuta pua.

"Imebaki kazini, mama," nilisema. "Sisi wote tumefukuzwa. Yenyewe ina namba, imeajiriwa kwa kudumu. Haikupata ruhusa ya kuja kuzika."

Shangazi alifasiri. Kijiji kizima kilicheka, wakaegemeana, hata mwalimu wa kanisa aligeuka pembeni mabega yakimtetemeka. Kizee naye alicheka, mdomo wazi, hana meno. Alicheka mpaka kicheko kikageuka, na hapo ndipo alipoanza kulia. Vijana wakachukua majembe.